Gololi Saba

Fundi wa Majengo alifungua boneti, akafunga.
"Mama Mishi, uza. Otomatiki ikichoka haina tiba."
Akataka mia tano ya ushauri.
Nikampa mia mbili na salamu.

Gari langu hubeba masufuria ya harusi:
makubwa kumi na mawili, masinia arobaini,
miko mirefu iliyotoka nje ya dirisha,
na mimi.
Kwenye mwinuko wa Sabaki, ukishavuka daraja,
injini hulia, gari halisogei;
gia ya pili huja kama mwalikwa
aliyeambiwa saa saba
akatokea watu washanawa.

Ijumaa moja isiyo na harusi
nililipandisha juu ya matofali, nyuma ya nyumba, Maweni,
nikatandika jamvi kuukuu, nikaingia chini.
Kahindi jirani alileta mnyororo wa kuinulia injini za boti,
akaufunga kwenye boriti tatu, akasema,
"Nitakaa hapa. Si kwamba sikuamini."
Akakaa. Akamaliza tende zangu.

Oili ilitoka nyeusi, na harufu ya mkate ulioungua,
nayo yatakiwa iwe nyekundu kama Vimto ya futari.

Kitabu chake ni cha Kijapani. Sijui hata silabi.
Nilisoma michoro kama nilivyosoma mishono ya kofia kwa nyanya,
kidole kikitangulia, jicho likifuata.
Hapa springi: weka iliyo ngumu zaidi.
Hapa tundu: lipanue, kidogo, kidogo mno,
kama unatoga sikio la mtoto.
Sahani za klachi, toa nne zilizolika, tia tano.
Na mbele, nyuma ya grili, rejeta ndogo
niliyoinunua Kongowea kwa bei ya mbuzi,
oili nayo ipate kupunga upepo.

Valvu nilizipanga kwenye sinia la pilau,
kila moja na karatasi yake, nimeandika kwa wanja.
Na gololi za chuma, saba,
kwenye kikombe cha kahawa.

Jumamosi nikaenda kuswali alasiri.
Nikarudi: sita.

Nikahesabu tena, maana hesabu ya hasira haina baraka.
Sita.
Nikachekecha mchanga kwa chekeche la unga.
Nikamtazama Kahindi. Kahindi akatazama mwarobaini.
Ndipo nikasikia, uani kwa kina Tsuma:
"Ya chuma! Hiyo haipasuki! Haramu hiyo!"
Mishi wangu, miaka tisa, kachuchumaa,
keshashinda za kioo kumi na nne, na bado analenga.

"Mwanangu, hiyo ni roho ya gari."
"Nitairudisha, mama, nikishindwa."
Basi nikakaa kizingitini, grisi hadi viwikoni,
nikingoja mtoto wangu ashindwe.
Hakushindwa.
Magharibi ilipoadhiniwa
rinda lake lilining'inia kwa gololi za mtaa mzima.
Pesa hakutaka.
Alitaka kiti cha mbele, safari ya kwanza,
na mkono wa gia uwe wake.

Jumanne. Oili nyekundu. Dua fupi.
Mguu wangu kwenye breki, Mishi akavuta:
P, R, N,
akizitamka kwa sauti ya darasani,
D.
Gari likapiga hatua moja imara
na masufuria nyuma yakaitikia.
Mwinuko wa Sabaki, gia ya pili ikaingia mapema
mimi bado nakaza taya kuingoja.
Ya tatu ikagonga kidogo;
springi moja labda nimezidisha.
Nitafungua tena. Si wiki hii,
wiki hii kuna harusi Mambrui.

Nyumbani, kwenye sinia, imebaki skrubu,
fupi, safi, isiyo na karatasi.
Kahindi anasema kila fundi ana yake.
Nimeitia kwenye kikombe cha kahawa,
juu ya kabati,
mbali na Mishi.